Kumwangalia Mgonjwa Anayeamka Baada ya Ketamini ya Mshipa: Mwongozo kutoka Kitandani hadi Nyumbani

Mgonjwa aliyechomwa ketamini, dawa ya usingizi na ya kuondoa maumivu, kwenye mshipa hulala macho yakiwa wazi. Macho hayo huchezacheza kwenda upande na kurudi, kope hupepesa mara mojamoja, mkono unaweza kujinyanyua wenyewe, na kifua huendelea kupanda na kushuka. Mtu asiyeizoea dawa hii akimtazama atasema ameshaamka, na makosa mengi ya saa ya kwanza huanzia hapo: aliyechoma sindano huondoka kwenda kwa mgonjwa mwingine, kipima oksijeni huvuliwa kidoleni, ndugu huitwa waje wamchukue mtu wao, na mgonjwa hubaki peke yake katika kipindi ambacho anahitaji mtu wa kumtazama kuliko wakati wowote mwingine.

Dawa yenyewe ina sifa njema, na sifa hizo ni za kweli. Ilitengenezwa mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens kwa ajili ya kampuni ya Parke-Davis, ikajaribiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1964, ikaruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1970, na tangu mwaka 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haizimi pumzi kwa urahisi, kwa kawaida huinua presha badala ya kuishusha, huondoa maumivu, na haidai mashine kubwa ya nusu kaputi. Ndiyo maana vituo vya afya na hospitali za wilaya huitegemea kwa kurudisha bega lililoteguka, kusafisha vidonda vya moto, kupasua majipu na kunyoosha mifupa iliyovunjika, na ndiyo maana nchini Kenya kulianzishwa mwaka 2013 mpango wa kuwafundisha watoa huduma wasio wataalamu wa usingizi kuitumia kwa upasuaji wa dharura pale mtaalamu anapokosekana. Lakini sifa hiyohiyo imetuzoesha kuona kwamba kazi imekwisha sindano inapowekwa kwenye sinia, ilhali kwa mgonjwa sehemu ngumu ndiyo kwanza inaanza.

Mwongozo huu ni kwa wauguzi, maafisa tabibu na wataalamu wa usingizi waliokwisha fundishwa kutumia dawa hii, na sehemu zake za mwisho zinawahusu pia ndugu wanaompokea mgonjwa. Hauchukui nafasi ya mafunzo wala ya taratibu za kituo chako.

Hatua ya kwanza: Andaa kuamka kabla ya kuchoma

Kuamka vizuri huandaliwa mgonjwa angali anazungumza nawe. Kabla ya kitu kingine chochote, amua nani atakaa naye mpaka mwisho, na mtu huyo asiwe yule anayeshona au kuvuta mfupa, kwa sababu mikono na macho yake tayari yana kazi nyingine. Ikiwa mko wawili tu kwenye zamu na mwenzako ataitwa wodi ya wazazi wakati wowote, na shughuli yenyewe inaweza kusubiri, basi isubiri. Najua ugumu wa kuyasema haya mbele ya foleni iliyofika mlangoni, lakini ketamini iliyochomwa haiwezi kurudishwa. Hakuna dawa ya kuizimua, na nalokisoni, ambayo huzimua dawa za kundi la mofini, haina kazi yoyote juu yake.

Mahali atakapoamkia pawe tayari: kitanda au machela yenye vizuizi vya pembeni vinavyonyanyuka kweli, oksijeni iliyofunguliwa ukahakikisha inatoka, mashine ya kufyonza iliyowashwa ukaisikia inavuta, ambu bagi, yaani mfuko wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono, yenye barakoa inayomtosha mgonjwa huyo na si ya mtu mzima kwa mtoto wa miaka 3, pamoja na kipima oksijeni cha kidoleni. Katika miji ya pwani angalia kucha kabla ya kukivalisha. Hina iliyokolea, hasa nyeusi, na rangi ya kucha vinaweza kukifanya kisome vibaya au kisisome kabisa, kwa hiyo tafuta kidole kisichopakwa, au tumia kidole cha mguu.

Kisha zungumza na mgonjwa, wala usiyaone maneno haya kuwa ni adabu tu. Mtu anayeingia katika ketamini akiwa na hofu, ameshikwa na watu watatu na kukemewa atulie, mara nyingi hutoka akiwa na hofu ileile. Mwambie atakachokiona: kwamba atahisi kama anaelea, kwamba sauti zitasikika za mbali, kwamba anaweza kuona vitu visivyokuwepo, na kwamba yote hayo yatapita na utakuwa karibu naye. Mwombe achague jambo la kulifikiria, iwe shamba lake, ufukwe anaoupenda, au harusi ya dada yake, na uendelee kumwongelesha habari za jambo hilo wakati dawa inaingia polepole kwa muda wa sekunde 30 hadi 60. Dawa ikisukumwa kwa haraka, pumzi inaweza kusimama kwa muda katika dakika mbili za mwanzo.

Ndugu nao waelezwe mapema. Wakikuta mtu wao ametumbua macho bila kuitika, au anaita watu waliokwisha kufa, bila ya kuwa wameonywa, watafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: watamtikisa, watalia juu yake, au wataanza kuyaombea majini yatoke.

Hatua ya pili: Ijue saa ya dawa

Kwa dozi ya mshipa iliyozoeleka, yaani miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, mgonjwa hupotelewa na fahamu za mazingira yake ndani ya dakika moja. Kilele hukaa kati ya dakika 10 na 20 hivi, kisha dawa huanza kutoka kwenye ubongo na kutawanyika mwilini, na ndipo mgonjwa huanza kurudi. Kutoka kwenye ubongo si kutoka mwilini. Nusu ya dawa huchukua saa 2 hadi 3 kuondolewa, na ini huigeuza kuwa noketamini, ambayo nayo ina nguvu kiasi. Ndiyo maana mtu anayejibu jina lake vizuri baada ya nusu saa bado anapepesuka akisimama, na kuirudia hali ya kawaida kabisa kunaweza kuchukua saa moja hadi mbili au zaidi.

Hesabu yako ianze kwenye dozi ya mwisho, si ya kwanza. Mgonjwa aliyeongezewa mara mbili kwa sababu mfupa ulikataa kukaa ana saa yake mwenyewe, na aliyechanganyiwa dawa za kutuliza kama midazolamu na diazepamu, au pethidini ya maumivu, ataamka taratibu zaidi na pumzi zake zinahitaji jicho kali zaidi. Aliyechomwa kwenye msuli naye hukawia kuamka kuliko wa mshipa.

Hatua ya tatu: Linda njia ya hewa, hasa shughuli inapokwisha

Wakati mhudumu anavua glavu na watu wanaanza kukusanya vyombo, wewe usiondoke kichwani pa mgonjwa. Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe kidogo na kidevu kiinuliwe, ili mate na matapishi yatoke nje badala ya kurudi kooni. Kama jeraha haliruhusu ubavu, mgeuze kichwa na ushikilie taya. Ketamini huongeza mate, na ingawa mgonjwa kwa kawaida huendelea kumeza na kukohoa, usiutegemee uwezo huo kana kwamba ni wa mtu aliye macho.

Tazama kifua kwa macho yako na uweke kiganja mbele ya pua uhisi pumzi. Kipima oksijeni ni msaada mkubwa, lakini mgonjwa anayevuta oksijeni kwa barakoa anaweza kuacha kupumua na namba ikabaki nzuri kwa muda kabla ya kuporomoka. Namba ikishuka chini ya asilimia 94, inua kidevu, fyonza mate, ongeza oksijeni na umtazame mgonjwa upya. Ikishuka chini ya 90 hiyo ni dharura, ita msaada na uwe tayari kumpumulisha kwa ambu bagi.

Kuna tukio moja la nadra ambalo kila anayekaa na mgonjwa huyu lazima alijue kwa moyo, nalo ni zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, kukaza na kuufunga mlango wa hewa. Uchambuzi wa mwaka 2009 uliojumlisha watoto 8,282 waliopewa ketamini katika idara za dharura ulionyesha kwamba hutokea kwa takriban watoto 3 katika kila 1,000, na mara nyingi huchokozwa na mate, damu, au mtu anayepekua koo kwa mrija wa kufyonzea bila sababu. Utasikia mlio mwembamba mkali mgonjwa anapovuta pumzi, kisha mlio ukiisha usifurahi, kwa sababu huenda mlango umefunga kabisa. Kifua kitajitahidi kuinuka huku tumbo likienda kinyume chake, na ngozi ya juu ya mfupa wa kidari itazama ndani.

Likitokea hilo, ita msaada kwa sauti na uache kumgusa kidonda. Fyonza tu yale unayoyaona mdomoni. Kisha weka vidole vyako nyuma ya ndewe za masikio, katika kale kashimo kaliko kati ya taya na mfupa wa nyuma ya sikio, ukandamize kwa nguvu pande zote mbili kuelekea ndani huku ukiisukuma taya mbele, na mwenzako abane barakoa usoni bila kuacha upenyo, oksijeni ikiwa wazi kabisa, akishikilia mgandamizo wa kudumu wa ambu bagi. Mara nyingi mlango hufunguka kwa hayo. Usipofunguka, mwenye mafunzo atatumia suksamethoni, dawa ya kulegeza misuli, na kumpumulisha, na ndiyo maana dawa hiyo inatakiwa iwe inajulikana ilipo kabla ya siku yenyewe.

Hatua ya nne: Pima, na uandike

Mpaka mgonjwa aitike kwa maneno, pima kila baada ya dakika 5: pumzi kwa dakika, oksijeni, mapigo ya moyo, presha na kiwango cha fahamu. Akishaitika, kila baada ya dakika 15 inatosha. Presha na mapigo hupanda dakika chache baada ya sindano na kwa kawaida hushuka vyenyewe katika robo saa hivi. Kwa hiyo presha iliyo juu baada ya nusu saa isisingiziwe ketamini moja kwa moja. Tafuta maumivu, kibofu kilichojaa, au upungufu wa oksijeni. Kinyume chake kipo pia. Mgonjwa aliyepoteza damu nyingi au aliyedhoofishwa na maambukizi ya siku nyingi anaweza kuporomoka presha, kwa kuwa mwili wake hauna tena akiba ambayo dawa hii huiamsha.

Usifunike uso. Nimeona mara nyingi ndugu mwenye huruma akimtandaza mgonjwa kanga hadi juu ya kichwa ili mwanga usimsumbue, na nia ni njema, lakini midomo inayogeuka rangi haionekani chini ya kanga. Zima taa ya juu, vuta pazia, na uso ubaki wazi.

Hatua ya tano: Maruweruwe na kuweweseka

Hapa ndipo mgonjwa anapohitaji akili yako zaidi ya dawa zako. Katika ule uchambuzi wa watoto, 7.6 katika kila 100 walipata fadhaa ya aina fulani wakiamka, lakini fadhaa nzito ilikuwa kwa 1.4 tu. Kwa watu wazima hali hii hutokea zaidi. Wengine hucheka. Wengine hulia kimya machozi yakitiririka bila kujua kwa nini, na wengine huona kwamba wamekufa na wanajitazama kutoka darini. Mama aliyepasuliwa jipu la titi anaweza kumwita mtoto wake kwa jina la marehemu mama yake, au kuwaambia wakwe zake mambo ambayo angekuwa na akili zake asingeyasema. Ndugu wakisikia hayo wasimcheke, wala wasiyabebe na kwenda kuyasimulia.

Kabla ya kusema "ni ketamini tu," pitia kwanza sababu ambazo zinaweza kumuua au zinazotibika kirahisi. Je, oksijeni ni ngapi? Njia ya hewa iko wazi? Presha je? Sukari ya damu imepimwa, hasa kwa mtoto aliyefungishwa kula tangu usiku na kwa mgonjwa wa kisukari? Ana maumivu? Plasta ya gamba imembana mkono hadi vidole vimekuwa baridi? Kibofu kimejaa? Mgonjwa anayekosa hewa hupigana vilevile kama mgonjwa anayeota ndoto mbaya, na ukimchoma dawa ya kumtuliza utakuwa umemnyang'anya nguvu alizokuwa akipigania hewa. Nalitilia mkazo jambo hili kuliko jingine lolote katika mwongozo huu.

Ukiridhika kwamba ni dawa, punguza watu. Abaki mmoja anayezungumza, na awe yule ambaye mgonjwa anamjua sauti. Kwa mtoto ni mama au bibi, kwa mzee ni mwanawe. Azungumze kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu mtu aliyelelewa katika Kisukuma au Kidigo huirudia lugha hiyo kwanza anapotafuta njia ya kurudi, na Kiswahili cha hospitali kinaweza kumpita. Maneno yawe mafupi na yarudiwe bila kuchoka: "Uko hospitali. Mkono umeshanyooshwa. Mimi ni dada yako, niko hapa. Unachokiona kitapita." Usibishane naye kuhusu anachokiona na usimwulize maswali mengi. Mguse begani au mkononi tu, mahali pamoja, bila kumpapasa.

Usimfunge kamba. Mtu anayeona kwamba anazama akihisi mikono yake imefungwa atazama kweli katika akili yake, na kumbukumbu hiyo inaweza kubaki baada ya dawa kuisha. Vizuizi vya kitanda vinyanyuliwe, vyombo vyenye ncha viondolewe, kanula, ule mrija wa mshipani, ifungwe vizuri kwa bandeji, na watu wawili wakae tayari kumzuia asianguke bila kumlalia. Ikiwa bado anajihatarisha, mtu mzima anaweza kupewa midazolamu miligramu 1 hadi 2 polepole kwenye mshipa, kisha subiri uone kabla ya kuongeza. Pasipo na midazolamu, diazepamu kidogo kwa mwendo huohuo wa polepole hutumika. Tangu hapo saa ya uangalizi imeanza upya, kwa kuwa dawa hizi hurefusha usingizi na zikikutana na ketamini hupunguza pumzi.

Mgonjwa mwenye historia ya skizofrenia hakustahili kupewa ketamini tangu mwanzo pale palipokuwa na njia nyingine. Ikiwa amepewa kwa dharura, aangaliwe muda mrefu zaidi na daktari wake wa akili ajulishwe.

Hatua ya sita: Maumivu, kichefuchefu na chakula

Ketamini huondoa maumivu, na ikitoka huondoka na nafuu hiyo. Mtoto aliyeamka ametulia baada ya kubadilishiwa bandeji za moto anaweza kuanza kulia kwa uchungu wakati mama ndiyo kwanza anakunja virago. Paracetamoli, miligramu 15 kwa kilo kwa mtoto na gramu 1 kwa mtu mzima mwenye uzito wa kutosha, itolewe mapema ili ifanye kazi kabla ya maumivu kurudi: kwa mshipa ikiwepo, au kwa mdomo mara tu anapoweza kumeza. Kumpa mtu dawa baada ya kuwa ameshaanza kupiga kelele ni kumchelewesha bila sababu.

Kutapika ni kwa kawaida. Watoto 8.4 katika kila 100 walitapika katika takwimu zile nilizozitaja, na vijana wa umri wa kubalehe zaidi ya wadogo. Mara nyingi hutokea mgonjwa akiwa ameshaamka, pengine hata njiani kuelekea nyumbani. Ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, husaidia, miligramu 4 kwa mtu mzima na kwa mtoto kulingana na uzito. Kinachosaidia zaidi ni kutomharakisha: asiketi ghafla, asinusishwe chakula, na asinyweshwe uji kwa sababu tu "hajala tangu jana." Aanze na vijiko vichache vya maji akiwa ameketi na anaweza kukishikilia kichwa chake mwenyewe. Yakikaa, aongezewe. Chakula kizito kitamsubiri saa chache zijazo.

Mama anayenyonyesha aliyepewa dozi moja anaweza kumnyonyesha mtoto akishaamka sawasawa na kuweza kumshika, mradi mtu mwingine aketi pembeni yake mara ya kwanza, kwa kuwa mikono bado inaweza kulegea.

Hatua ya saba: Kumruhusu

Vituo vingi hutumia alama za Aldrete, zilizopendekezwa mwaka 1970 na kuboreshwa mwaka 1995, ambazo huupa mwendo wa viungo, pumzi, mzunguko wa damu, fahamu na oksijeni alama 0 hadi 2 kila kimoja, na mgonjwa huweza kutoka chumba cha uangalizi akifikisha 9 katika 10. Zitumie, ila usizitegemee peke yake. Kwa mgonjwa wa ketamini, viungo vinatikisika, pumzi ni nzuri na macho yako wazi, hivyo aliyechoka mwisho wa zamu anaweza kumpa 9 mtu ambaye bado hajui yuko wapi.

Kwa hiyo ongeza maswali ya kawaida. Akuambie jina lake, mahali alipo na kilichomleta. Akutazame na macho yake yatulie juu yako bila kucheza. Azungumze kama anavyozungumza siku zote, na hukumu hiyo ni ya ndugu anayemjua, si yako. Kisha aketi kitandani miguu ikining'inia kwa dakika chache, asimame akiwa ameshikwa, na atembee hatua chache bila kuyumba kupita alivyokuwa akiyumba kabla. Mtoto mdogo asiyetembea ashikilie kichwa na kuketi kama alivyozoea. Kama kimoja hakijatimia, arudi kulala na asubiri. Mgonjwa ambaye saa 3 zimepita naye bado anaweweseka hahitaji subira zaidi, anahitaji daktari amchunguze upya.

Hatua ya nane: Safari na usiku wa kwanza

Asiondoke peke yake. Hili liulizwe kabla ya sindano, kwa sababu mtu aliyekuja peke yake akitegemea bodaboda ya kurudi atakuwa hana jibu saa kumi na moja jioni. Bodaboda yenyewe haifai siku hiyo, hata akiwa abiria, kwani inamtaka mtu ajishikilie na ajiweke sawa kwenye mashimo, na uwezo huo ndio unaochelewa kurudi kuliko yote baada ya ketamini. Bajaji, teksi au gari la jirani ni bora, na kwenye daladala aketi ndani, upande wa dirishani, na mtu wake pembeni akiwa na mfuko wa kutapikia.

Mtoto asibebwe mgongoni kwa mbeleko. Akisinzia kidevu huanguka kifuani na kuibana njia ya hewa, na mama hawezi kumwona uso. Apakatwe mbele, kichwa kikiegemea mkono, uso nje.

Kwa saa 24 mgonjwa asiendeshe chombo chochote, asipande ngazi wala mti, asiogelee wala kwenda baharini kuvua, asishughulike na jiko la mkaa, panga au cherehani ya umeme, asinywe pombe, na asitie sahihi karatasi yoyote yenye uzito. Mtoto asikimbie na wenzake siku hiyo na asiachwe kwenye ngazi au karibu na kisima. Usiku huo mtu alale chumba kimoja naye. Anaweza kuota ndoto kali, na akiamshwa kwa upole na kuambiwa alipo, kwa kawaida hulala tena.

Arudishwe hospitali bila kungoja kukuche ikiwa anapumua kwa shida au kwa mlio, midomo imebadilika rangi, hawezi kuamshwa, anatapika mara kwa mara hata maji hayakai, amechanganyikiwa upya baada ya kuwa sawa, au maumivu yanazidi na vidole vya mkono au mguu uliofungwa vimekuwa baridi na ganzi. Maelezo haya apewe ndugu kwa maandishi pamoja na namba ya simu ya wodi, si mgonjwa peke yake, kwa kuwa mengi utakayomwambia mgonjwa katika saa hizo hatayakumbuka kesho.

Hatua ya tisa: Acha habari kwa atakayemchoma tena

Mwenye vidonda vya moto atarudi kwenye bandeji keshokutwa, na wiki ijayo, na baada ya hapo. Andika kwenye kadi yake uzito, dozi ya kwanza na za kuongezea, dawa nyingine zilizochanganywa, saa aliyoitika na saa aliyotembea. Andika pia alivyoamka, kwa maneno ya kawaida: "alilia dakika 10, akatulia bibi yake alipoongea naye," au "alitapika mara mbili njiani, mama amesema." Zamu ijayo itajua imwite bibi mapema, na ondansetroni iwekwe kwenye sinia kabla kichupa hakijafunguliwa.